Mtoto Amefaulu: Je, Chuo Kikuu Atapata?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hapa Kilangala twasikia vigelegele. "Mtoto wa fulani kafaulu, anakwenda Chuo Kikuu!" Wazazi wengine huuza hata ufuta wa mbegu. Baadaye majina yanatoka, mtoto hayumo. Watu husema karogwa, au kaonewa. Mara nyingi si hivyo. Kufaulu ni kufika bandarini. Jahazi lina nafasi zake. Basi, tujifunze kupima.

Wazee watakumbuka Azimio la Musoma la 1974. Wakati ule kijana alitakiwa afanye kazi kwanza, tena apate pendekezo la kazini na la chama. Siku hizi alama za mtihani ndizo zinazotangulia.

Hesabu mbili

Tusichanganye hesabu mbili. Ya kwanza ni ya daraja la mtihani: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Hapa pointi chache ndiyo heri. Ya pili ni ya kuingia Chuo Kikuu: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapa pointi nyingi ndiyo heri.

Tuchukue mfano. Binti amepata D ya Fizikia, C ya Kemia na C ya Baiolojia. Kwa hesabu ya daraja ana pointi 10, yaani daraja la pili. Kwa hesabu ya chuo ana pointi 8.

Kuruhusiwa si kuchaguliwa

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) imeweka kiwango cha chini: masomo mawili yanayohusika na kozi, yenye jumla isiyopungua pointi 4. Kozi nyingine zinataka zaidi. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isipungue pointi 6.

Binti wetu ana 8. Je, atapata? Anaruhusiwa kuomba, lakini hajapata bado. Tuseme chuo kina nafasi 100, na wenye sifa walioomba ni 500. Watachukuliwa wenye alama za juu. Chuo kama Muhimbili kinaombwa na vijana wengi wenye A na B. Akiomba huko peke yake, huenda akabaki nyumbani na ufaulu wake.

Tufanye nini?

1. Tusome mwongozo wa TCU wa mwaka huo, kozi kwa kozi. Tusitegemee wa mwaka jana.

2. Tuchague kwa ngazi: kozi moja ya juu anayoitamani, moja inayolingana na alama zake, na moja ambayo alama zake zinazidi sana kiwango.

3. Tangu 2017 maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja. Anayesema anauza nafasi ni tapeli.

4. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja kabla siku ya mwisho haijapita.

5. Mkopo una maombi yake kwenye Bodi ya Mikopo. Kupata chuo si kupata mkopo.

Akikosa je? Njia haijafungwa. Anaweza kusoma stashahada, na akipata wastani usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, akaomba tena. Chuo Kikuu Huria nacho, kilichoanzishwa 1992, kina kituo Lindi.

Kwa hiyo mbegu tuziache ghalani kwanza. Tukae na mtoto, tushike kalamu, tuhesabu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kijana ana B, C na E. Ana pointi ngapi kwa hesabu ya daraja? Na kwa hesabu ya chuo?

2. Kwa nini mwenye sifa anaweza kukosa nafasi?