Timbo lililojaa maji huua hata hodari wa kuogelea

MVUA kubwa zikiisha, matimbo mengi yaliyoachwa baada ya kuchimbwa mawe ya ujenzi hugeuka kuwa maziwa madogo. Maji yake hutulia na kuvutia, na vijana huyakimbilia, hasa wakati wa likizo. Baadhi yao hawarudi nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mvulana wa miaka 15 aliyetolewa katika timbo. Alikuwa ameenda peke yake. Mpita njia aliona nguo ukingoni na hakuona mtu. Sikuweza kumwokoa. Mamake aliniuliza: vipi mtoto aliyejua kuogelea azame mahali pasipo na mawimbi wala mkondo?

Kwanza, tazama umbo la timbo. Ukingo wa ziwa huteremka polepole, lakini timbo limekatwa wima kama ukuta. Hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili huna pa kukanyaga. Aliyechoka hapati pa kushika, kwani mawe huwa na utelezi. Chini huenda kuna mawe na vyuma visivyoonekana, na anayejitosa kwa kichwa aweza kuvunjika shingo na kupooza.

Pili ni baridi. Jua hupasha moto maji ya juu tu. Anayezamia chini hukutana na baridi ghafla, na misuli yake hulegea upesi.

Hatari ya tatu ndiyo huwapata hasa waogeleaji hodari. Wengi hudhani kwamba hamu ya kupumua hutokana na kupungua kwa oksijeni. La hasha. Kinachotusukuma zaidi ni kuongezeka kwa gesi ya kaboni dayoksaidi katika damu. Kijana anayetaka kukaa sana chini ya maji huhema kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzamia, akidhani anajaza oksijeni. Oksijeni haiongezeki ila kidogo sana; anachofanya ni kuiondoa kaboni dayoksaidi.

Hivyo kengele ya mwili huchelewa kulia. Oksijeni hupungua mno kabla hajasikia haja ya kuvuta pumzi, naye huzirai ghafla, bila kupiga kelele. Mwenziwe akimtoa mara moja, aweza kupona. Akiwa peke yake, ubongo huanza kuharibika katika muda wa dakika chache.

Hata wapiga mbizi wanaobeba mitungi ya hewa huogopa upweke. Nchini Uingereza, timbo kuukuu liitwalo Stoney Cove limegeuzwa kuwa kituo cha mchezo huo. Desturi ya wapiga mbizi ni kushuka wawili wawili. Anayetaka kushuka peke yake hutakiwa kuwa na mafunzo maalumu na mtungi wa pili wa hewa, endapo wa kwanza utaharibika. Mvulana wetu hana mtungi wa kwanza, sembuse wa pili!

Yafaa basi kufuata masharti haya:

• Usiingie majini peke yako kamwe. Mmoja akizamia, mwingine abaki juu akimtazama.

• Usiheme kwa haraka kabla ya kuzamia, wala msishindane kukaa chini ya maji.

• Usijitose kwa kichwa mahali usipojua kina chake.

• Usiogelee ukiwa umelewa. Mwenye kifafa asiogelee bila mtu mzima wa kumwangalia kwa karibu.

• Wenye matimbo wayazungushie ua. Wazazi wawajulishe watoto hatari hii kabla ya likizo.

Ukimwona mtu anazama, usimrukie, kwani aweza kukukumbatia mkazama nyote. Piga kelele, kisha mrushie kamba, mti mrefu au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa vizuri.

Akitolewa, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Kufanya hivyo hupoteza wakati na huenda kukamfanya atapike na kupaliwa. Ikiwa hapumui, mlaze chali, inua kidevu chake, bana pua na umpulizie hewa mdomoni mara 2 hadi 5. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kisha mpulizie mara 2, na uendelee hivyo hadi msaada ufike. Ikiwa alijitosa kwa kichwa, jihadhari usiizungushe shingo yake. Akianza kupumua, mlaze kwa ubavu.

Aliyezama na kuzinduka apelekwe hospitalini hata akisema hajambo, kwa maana mapafu yake yaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Ndiyo sababu Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbushana kuhusu janga hili.

Kwa mama yule, jibu ni hili: mwanawe huenda alijua kuogelea vyema kabisa. Alichokosa siku hiyo ni mtu wa kumtazama. Tahadhari kabla ya hatari.