Moto wa Tumbo na Saa ya Chakula

Katika tiba ya jadi ya India iitwayo Ayurveda, tumbo la mtu hufananishwa na jiko. Ndani yake mna moto, nao huitwa agni, neno la Kisanskriti ambalo maana yake ni moto huuhuu tunaoujua. Moto ukiwa wa kadiri, chakula huiva na mwili hupata nguvu. Ukiwa hafifu, chakula hukaa kibichi na mtu huvimbiwa. Ukiwa mkali mno, huunguza. Tena kuna moto usio na mpango, leo unawaka, kesho umezimika. Mambo haya yamo katika Charaka Samhita, kitabu cha tiba chenye umri wa miaka ipatayo 2,000.

Daktari wa leo akilipima tumbo hataukuta moto huo; atakuta asidi na nyongo. Hata hivyo mfano wa jiko unatufaa sisi wafanyakazi, maana sehemu kubwa ya mafundisho yake haihusu dawa. Yahusu saa na kiasi. Kula kwa saa zilezile kila siku. Mlo mkubwa uwe wa mchana, na wa usiku uwe mwepesi. Usile tena kabla chakula cha kwanza hakijashuka. Tumbo ligawe mafungu matatu: moja la chakula, moja la kinywaji, moja liachwe wazi. (Ndugu zetu Waislamu wataona jinsi jambo hili linavyokaribiana na mafundisho ya Mtume.) Tumbo likichafuka, mtu hupikiwa wali laini wenye choroko, tangawizi na bizari nyembamba kidogo, au hupewa mtindi uliozimuliwa kwa maji.

Yoga nayo ina mkao mmoja unaofanywa baada ya kula, uitwao vajrasana. Piga magoti, kalia visigino, nyosha mgongo, kisha vuta pumzi polepole mpaka tumbo lijae, kwa dakika tano hivi. Mwenye magoti mabovu akae kitini. Upo pia mkao wa kulala chali na kukumbatia magoti ili gesi itoke. Huo ni wa tumbo tupu, na mama mjamzito auache. Majaribio madogo ya hospitali yameonyesha kwamba kupumua kwa tumbo huweza kupunguza kiungulia. Kutolala mara tu baada ya kula kunasaidia vilevile.

Lakini si kila ugonjwa wa tumbo hutulizwa hivyo. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982, au na dawa za maumivu kama aspirini. Bakteria hao huuawa kwa dawa za hospitali, si kwa tangawizi. Anayetapika damu, au anayepata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali saa ileile. Anayekonda bila sababu naye asikae nyumbani.

Tahadhari nyingine ni ya dawa za Ayurveda za madukani. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za namna hiyo, zilizotoka Asia ya Kusini na kuuzwa eneo la Boston. Dawa 14 zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Wenzetu wa viwanda vya betri wanaijua risasi: hiyo yenyewe husokota tumbo. Basi mtu aweza kununua maumivu yaleyale aliyokuwa akiyakimbia.

Tuirudie saa ya chakula. Mwenye shamba lake hula anapotaka. Mfanyakazi wa kiwandani hula king'ora kikilia, na mchuma chai mara nyingi hungoja mpaka majani yapimwe. Kumwambia mtu huyo ale kwa saa moja kila siku, hali zamu yake hubadilishwa kila wiki, ni kumpa dawa asiyoweza kuinywa. India yenyewe, nchi ya Ayurveda, haikumwachia mfanyakazi peke yake mzigo huo. Sheria yake ya Viwanda ya 1948 ilikataza mtu mzima kufanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo bila mapumziko ya nusu saa, na iliwezesha serikali za majimbo kudai kantini penye wafanyakazi zaidi ya 250. Sheria ya Mashamba Makubwa ya 1951 ilishusha idadi hiyo hadi 150. Mfuko wa bima ya wafanyakazi, ulioanza kazi Kanpur na Delhi mwaka 1952, una hospitali zake, na baadhi yake hutoa tiba ya Ayurveda na yoga.

Wanaofanya zamu ya usiku ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa usiku tumbo hufanya kazi polepole. Wajumbe wa matawi wanaokwenda kujadili mkataba na mwajiri wangepeleka madai matatu: zamu ijulikane mapema, nusu saa ya chakula isimegwe kwa ajili ya mashine, na kantini iwe na chakula chepesi cha moto usiku, si chai na mandazi ya jana.