Mwanasesere na Fikra za Binti

Mtoto wa kike akipewa gunzi la muhindi na kipande cha kitambaa, amepata mwana. Atambeba mgongoni, atampikia uji wa udongo, na jioni atamkemea kwa maneno yale yale aliyokemewa yeye asubuhi. Katika mchezo huo binti ndiye mama. Lakini kwa mwanasesere wa dukani, yule mwembamba mwenye viatu vya visigino virefu, mambo hugeuka: mwanasesere ndiye mtu mzima, na binti humtazama ili ajue atakavyokuwa yeye.

Ndivyo alivyokusudia Ruth Handler wa Marekani. Alimwona bintiye, Barbara, akichezea picha za karatasi za wanawake wazima, akizivisha na kuzisemesha. Mwaka 1959 kampuni ya Mattel, ambayo Bibi Handler na mumewe walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ikamtoa Barbie, mwenye kimo cha sentimita 29 hivi. Umbo lake liliigwa kutoka kwa Lilli, mwanasesere wa Ujerumani aliyeuzwa zaidi kwa watu wazima.

Mwaka 1965 Barbie alivikwa mavazi ya mwanaanga, miaka 18 kabla Marekani haijampeleka mwanamke angani. Jambo la kusifiwa. Ila mwaka huo huo alitoka Barbie mwingine, wa mavazi ya kulalia, akiwa na mizani iliyokwama kwenye ratili 110, yaani kilo 50 tu, pamoja na kijitabu cha kupunguza unene ambacho shauri lake lilikuwa asile! Binti aliambiwa aruke hadi mbinguni, na papo hapo aone haya kwa kula chakula chake.

Je, watoto huyatia moyoni hayo? Mwaka 2006 wataalamu wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wasichana 162 wa miaka mitano hadi minane. Wadogo miongoni mwao, walipokwisha kuonyeshwa picha za Barbie, hawakuridhika na miili yao kama wenzao walioonyeshwa picha nyingine, na walitamani wembamba kuliko wao.

Mwaka 2014 ukafuata uchunguzi wa Marekani, nao ni mdogo, wa wasichana 37. Waliochezea Barbie kwa dakika chache walitaja kazi chache zaidi wanazoweza kufanya wao kuliko zile wanazoweza wavulana. Waliochezea mwanasesere wa umbo la kiazi hawakuonyesha tofauti kubwa hivyo. La ajabu ni kwamba Barbie aliyevikwa koti la daktari hakuleta nafuu yoyote. Msomaji aliyepitia mafunzo ya kijeshi anajua kuwa sare peke yake haimfanyi mtu askari.

Mwaka 2016 kampuni hiyo iliongeza maumbo matatu: mnene kidogo, mrefu na mfupi. Yule wa zamani hakuondolewa.

Mzazi mwenye mwanasesere huyo nyumbani hana haja ya kumtupa. Aketi karibu, amwulize binti: bibi huyu leo anakwenda kazi gani? Jibu likiwa ni kununua viatu tu, hapo pana mazungumzo ya kuanzishwa. Baba naye asimwachie mama peke yake. Ayasemayo juu ya kazi za wanawake anapovua buti mlangoni husikika hata kwa mtoto aliyejifanya amezama mchezoni.