Je, wajua? Ndani ya 61,741,120

Tarehe 31 Oktoba 2022, katika Uwanja wa Jamhuri jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi. Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120: wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Barabara, shule na zahanati hupangwa kwa hesabu hiyo, na ndivyo inavyopaswa. Lakini namba yenyewe nayo ina mambo yake, na ni mazuri mno kuachwa.

Tazama tarakimu nne za mbele: 6174. Mwaka 1949 mwalimu wa shule wa India, D. R. Kaprekar, aligundua maajabu yake. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, isipokuwa zile zenye tarakimu moja iliyorudiwa, kama 5555. Zipange tarakimu kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha ndogo hadi kubwa, halafu utoe. Jibu ulifanyie vilevile. Hazipiti hatua saba, utakuwa umefika 6174, na ukifika hutoki, maana 7641 kutoa 1467 ni 6174 tena.

Tujaribu mwaka wenyewe wa sensa, 2022. 2220 kutoa 0222 ni 1998. 9981 kutoa 1899 ni 8082. 8820 kutoa 0288 ni 8532. 8532 kutoa 2358 ni 6174. Ni sadfa tupu, wala haibashiri kitu, lakini ni sadfa tamu.

Sasa tuigawanye. Kwa 2 inakubali mara sita, tunabaki na 964,705. Kwa 5, mara moja: 192,941. Hapo wengi wangekata tamaa, kumbe 7 inaingia bila baki na kutuachia 27,563, ambayo ni 43 mara 641. Namba hii ya mwisho ni tasa, tena ina historia: mwaka 1732 Euler aliitumia kuonyesha kuwa 4,294,967,297, ambayo Fermat aliidhania tasa, si tasa hata kidogo. Kwa jumla, idadi yetu ina vigawo 112.

Mkoa wa Dodoma, wenye watu 3,085,625, ni mgumu zaidi kugawanyika. Ni namba witiri: 5 mara nne, kisha 4,937 ambayo ni tasa. Vigawo vyake ni 10 tu.

Sensa iliwahesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Lau karani mmoja angeingiza mtu mmoja zaidi kwenye kishikwambi chake, tungepata 61,741,121, na 2, 5, 7, 43 na 641 zote zingetoweka kwa mpigo. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika ila 1, kwa kuwa kinachozigawanya zote mbili lazima kigawanye na tofauti yao, nayo ni huyo mtu mmoja.