Saa ya Dashibodi Kwa Gari ya Mzee Imekufa? Soma Hii Kabla Ushike Bisibisi

Wasee, hii stori iko na watu wengi. Umeenda ushago December, Nyamira ama Kisii, na kwa boma kuna ndai ya zamani imepaki chini ya mti wa avocado. Mara nyingi ni Peugeot 504. Unaingia ndani, unashika usukani, unacheki dashibodi na saa imesimama. Mkono mfupi umegandia kwa nne tangu hujazaliwa. Unajiambia, "Hii si ni kitu kidogo? Wacha nifufue."

Tulia kwanza, buda. Mimi nilijiambia hivyo hivyo na nikachoma saa ya sokoro yangu. So leo nakupa maujanja yote: vile hiyo saa inafanya kazi, vile inakufa, vile unaitengeneza, na kama imeenda kabisa, vile unaibadilisha iwe ya kwatzi, zile za betri ndogo ya mawe, bila kuharibu gari.

Kwanza, mbona ujisumbue?

Juu hizi gari hazirudi tena. 504 ilitoka 1968, na 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka Ulaya. Ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Ufaransa waliwacha kuunda ile ya saluni 1983, lakini huku Kenya tuliendelea kuziunganisha miaka mingi baadaye. Ile ya station wagon ndio ilikuwa inabeba wazazi wetu safari ndefu kabla ya nissan za abiria kushika barabara, na pikapu yake imebeba ndizi na majani chai ya huku kwetu mpaka ikachoka.

Sasa sheria ya Kenya hairuhusu uingize gari iliyotumika yenye imepitisha miaka minane. Maanake zile classic ziko hapa ni zile zimebaki. Ukivunja saa yake original, ya kubadilisha utatafuta sana. Na mtu mwenye anajua hizi gari akija kununua, ama majaji wa Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, hawaangalii rangi ya nje pekee. Wanaingia ndani pia.

Jua ni saa aina gani uko nayo

Ziko aina tatu.

Ya kwanza ni ile ya mikono yenye inajipiga springi na umeme. Hii ndio utapata kwa gari nyingi za miaka ya 60 na 70. Nyuma utaona majina kama Jaeger, Kienzle, VDO ama Smiths, kulingana na gari imetoka wapi.

Ya pili ni ya mikono pia, lakini ndani ni kwatzi. Hizi zilianza kuingia kwa magari kuelekea mwisho wa miaka ya 70.

Ya tatu ni ya namba zinawaka kijani, kama kwa Toyota na Nissan za miaka ya 80.

Leo tunakaa sana na ile ya kwanza, juu ndio inasumbua na ndio wasee wengi huua.

Vile inafanya kazi

Hii saa haitembezwi na umeme moja kwa moja. Inatembezwa na springi ndogo, kama saa ya kujipigia na mkono. Hiyo springi ikilegea, baada ya kama dakika moja ama mbili, vipande viwili vya chuma vinagusana. Tuviite midomo. Midomo ikigusana, umeme unaingia kwa koili, koili inakuwa sumaku, inarusha kamkono fulani nyuma na kupiga springi tena. Hapo hapo midomo inaachana. Ndio maana ukikaa kwa hiyo gari kimya unaskia tik tik tik, halafu ghafla "klak!" Hiyo klak ni saa inajipiga yenyewe.

Sasa skia penye noma inaingia. Betri ya gari ikiwa chini, koili haipati nguvu ya kurusha huo mkono. Midomo inabaki imegusana. Umeme unaendelea kuingia, koili inapata moto. Waliounda saa walijua hii kitu, so wakaweka mahali moja kiungo kimeshikwa na risasi laini, ile solda ya kuyeyuka haraka. Koili ikishika moto, hiyo risasi inayeyuka, kiungo kinaachana, umeme unakatika. Saa inakufa lakini gari inabaki salama.

So saa nyingi zenye unaona zimekufa, hazijakufa. Zimejizima.

Kosa langu

Sokoro haendeshi tena. Lakini kila jioni anaingia kwa 504 yake, anafungua redio, anakaa. Alikuwa ameniambia tu, "Omochokoro, hiyo saa ingekuwa inatembea ningefurahi." Mimi niliwacha chuo second year, kwa boma kila mtu ana maoni juu ya hiyo, so nikaona hapa ndio pa kuonyesha bado kichwa iko.

Nikafungua saa. Nikapata kile kiungo kimeachana. Sikujua ni cha kazi gani. Nikachukua kipande cha waya wa kawaida, nikakiunganisha direct. Saa ikaanza! Klak! Mzee akacheka, magokoro akaletwa kuona, mimi nikajiona injinia.

Asubuhi sokoro ndiye alinusa kwanza. Betri ya gari ilikuwa mzee kama gari. Usiku ikashuka, midomo ikashikana, na juu mimi nilikuwa nimetoa ulinzi, koili ikaungua usiku kucha. Usiseme fyuzi ya gari ingekatika. Koili inavuta ampea chache tu, na fyuzi ya ampea kumi haioni hiyo kama shida. Waya za nyuma ya dashibodi zilikuwa zimeanza kulainika. Tungechelewa kidogo, hiyo gari ingekuwa majivu.

So sheria namba moja, ishike: kile kiungo usikiruke na waya. Kamwe.

Pima kabla ufungue

Mara ingine saa haina shida, ni gari. Saa hupata umeme wakati wote, hata switch ikiwa off. Chukua multimita, ama ile taa ya kupimia fundi wa umeme wa gari huwa nayo. Betri nzuri, injini ikiwa imezimwa, inafaa kusoma kama volti 12.6. Ikisoma 11 na kitu, shughulikia betri kwanza.

Halafu pima kwa waya wa saa yenyewe. Hakuna umeme? Angalia fyuzi. Umeme uko lakini saa imelala? Angalia athi, ule waya unarudi kwa bodi ya gari. Huku kwetu mvua haijui kupumzika, na chuma ikilala na unyevu inashika kutu hapo kwa athi mapema sana. Piga msasa, kaza, jaribu tena. Wengine wenu mtamalizia hapa.

Sasa fungua, pole pole

1. Toa waya ya negativu kwa betri. Chunga: gari za Uingereza za zamani, kama Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 60, athi yao ni pozitivu. Hapo toa hiyo ya athi, na usibadilishe pande za waya.

2. Piga picha ya waya na simu kabla utoe. Kuna wa umeme, wa athi, na wa taa. Usikate waya yoyote.

3. Ile pete ya mbele huwa imekunjwa. Inua kidogo kidogo na bisibisi nyembamba ukizunguka. Ukiinua upande mmoja kwa nguvu, itapinda na haitarudi.

4. Usiguse uso wa saa na kidole. Rangi ya zamani inatoka na jasho tu. Mikono ya saa inue na vijiko viwili vidogo, moja kila upande, na karatasi chini yake.

5. Safisha midomo. Kata kipande cha kadi ngumu, kiloweshe na spirit, pitisha katikati mpaka kitoke kisafi. Kama imechimbika, tumia msasa laini kabisa, wa namba 1000 kwenda juu, mara chache tu. Msasa wa mbao utaimaliza.

6. Mafuta. Oil ya zamani hukauka ikawa kama gundi. Safisha na spirit, halafu weka mafuta ya saa kwa ncha ya sindano, tone dogo kabisa kwa kila mhimili. Si oil ya injini, si mafuta ya kupika, si ile dawa ya kupulizia nati. Wale mafundi wa saa hukaa kwa veranda za maduka Kisii town wanayo, na wengine watakufanyia hii hatua wakiwa wamefunga jicho moja.

7. Kile kiungo kilichoachana, kirudishe na solda ya moto wa chini, vile kilikuwa. Kama huna hiyo solda, ngoja upate.

8. Hii ni bonasi: chomelea dayodi ya 1N4001 kwa koili, ule mstari wake ukiangalia upande wa pozitivu. Inapunguza cheche kwa midomo, so haichimbiki haraka.

Ijaribu nje ya gari

Usirudishe kwa dashibodi saa hiyo hiyo. Omba betri ya volti 12 ya boda, weka fyuzi ya ampea moja katikati, wacha saa itembee siku nzima kwa meza. Klak ikiskika kila dakika moja ama mbili, uko sawa. Ikienda mbio ama ikichelewa, tafuta nyuma kale kaskrubu ama kajiti ka kurekebisha mwendo, sogeza kidogo.

Ukiirudisha kwa gari, hiyo fyuzi ndogo wacha ikae kwa waya ya saa. Ni peni mbili zitakuokolea gari.

Kama imeungua kama yangu: kwatzi

Koili ikishaungua, option imebaki ni kuweka mashine ya kwatzi, ile ndogo nyeusi iko nyuma ya saa ya ukuta. Pima vitu vitatu kabla ununue: urefu wa shina linalopita kwa uso, upana wa mashine iingie kwa kopo, na matundu ya mikono yako ya zamani. Mara nyingi matundu hayatoshei na lazima fundi ayapanue kidogo ama achomelee.

Hiyo mashine inataka volti 1.5. Ukiiweka direct kwa 12 imeenda. Uko na njia mbili.

Njia rahisi: betri moja ya AA. Weka kishikio chake chini ya dashibodi, si ndani ya saa, juu jua likipiga kioo cha mbele betri inaweza kuvuja. Itakaa kama mwaka, vile hukaa kwa ukuta.

Njia ya pili: punguza umeme wa gari na LM317, ukitumia rezista ya 240 na ya 47. Hapo utapata kama volti 1.5. Lakini hiyo saketi inakunywa kama miliampea 5 mchana na usiku. Kwa mwezi ni karibu ampea-saa 4. Gari inaendeshwa kila siku haitaskia. Gari ya kukaa chini ya avocado itaskia, so hiyo weka AA.

Na mashine ya zamani usitupe. Tia kwa bahasha, andika ni ya gari gani, weka kwa boksi ya glavu.

Na zile za namba za kijani?

Hizo shida kubwa huwa ni solda zimepasuka ndani. Ukigonga dashibodi na saa inawaka, ndio hiyo. Fungua, chomelea upya miguu yote ya nyuma ya bodi. Namba zikiwa zimefifia, mara nyingi ni kapasita zimekauka. Fundi wa redio anamaliza hiyo kazi chap chap.

Ya mwisho

504 ya sokoro sasa iko na kwatzi. Inaonyesha time poa kuliko hata simu yangu. Nilimweka kwa kiti, nikamwonyesha. Mkono mfupi kwa moja, akasoma "saa saba" bila kufikiria, vile wazee wetu husoma wakiruka upande wa pili. Akakaa kimya. Halafu akauliza, "Na ile klak iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa ameizoea miaka yote hiyo.

Hiyo ndio sababu nimeandika hii kitu yote. Kwatzi ni poa, lakini iwe ya mwisho. Yako labda imejizima tu. Pima betri, safisha midomo, rudisha kiungo na solda yake, weka fyuzi ndogo. Mzee wako akiskia klak, utajua ulifanya kazi.