Mawimbi ya Ndani: Kivu, Tanganyika na Mto Unaoyaunganisha

Sekta ya Butare, wilayani Rusizi (si ile Butare ya Huye yenye chuo kikuu), iko katika kona ya Rwanda ambayo wengi bado huiita Cyangugu. Upande mmoja liko Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo Mto Rusizi huporomoka takriban mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Mto ni mmoja, lakini maziwa haya mawili yana mienendo tofauti kabisa kule kina kirefu kusikoonekana, na ni mienendo hiyo inayoamua mvuvi atapata nini.

Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Maji ya juu ni ya uvuguvugu, ya chini ni baridi kidogo na mazito kidogo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea Bujumbura, na huko tabaka la joto hunenepa. Kusini, upande wa Mpulungu nchini Zambia, maji baridi hupanda yakiwa na virutubisho. Upepo ukilegea, mpaka kati ya matabaka hurudi ulikotoka, hupitiliza, kisha hurudi tena. Bembea moja kamili huchukua wiki tatu hadi nne.

Kwa nini polepole hivyo? Tofauti ya uzito kati ya matabaka hayo ni karibu sehemu moja tu katika elfu, kwa hiyo nguvu ya kuyarudisha mahali pake ni hafifu. Inamisha chupa yenye maji na mafuta ya taa: mpaka kati yake hupanda na kushuka kwa uvivu, tena kwa kimo kikubwa. Mvuvi aliye juu hahisi kitu, ilhali mwani, dagaa na migebuka hutegemea virutubisho vinavyopandishwa na msukosuko huo. Ndiyo maana utafiti wa mwaka 2003 wa Catherine O'Reilly na wenzake unanitia wasiwasi: ongezeko la joto limeyafanya matabaka ya Tanganyika yawe magumu zaidi kuchanganyika, na uzalishaji wa ziwa umepungua.

Kivu ni habari nyingine. Dagaa wa Tanganyika waliletwa humo mwaka 1959, na Rwanda huwaita isambaza. Huishi katika maji ya juu tu, ambayo upepo na baridi ya Juni hadi Agosti huyachanganya hadi mita 60 hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni. Chemchemi zilizo chini ya ziwa huingiza maji ya moto yenye chumvi na kaboni dioksaidi, kwa hiyo kadiri unavyoshuka joto huongezeka, na ni chumvi na gesi hiyo zinazoyazuia maji hayo yasipande.

Hapo ndipo jambo la ajabu hutokea. Joto husambaa majini haraka mara mia hivi kuliko chumvi. Linapovuka kwenda juu na kuiacha chumvi nyuma, maji yaliyopashwa huanza kuzunguka, lakini ndani ya tabaka lake tu. Vipimo vimeonyesha zaidi ya ngazi 300 za namna hii, nyingi zikiwa na unene usiofika mita moja. Kila ngazi huzunguka peke yake, na ziwa kwa ujumla hubaki limefungwa.

Kufungwa huko ni salama yetu. Kivu limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani. Nyos, Kameruni, ziwa dogo sana likilinganishwa na hili, lilitapika gesi mwaka 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia Kivu mwaka 2002, na matabaka ya chini hayakuvunjika.

Tangu 2016 mtambo wa KivuWatt, karibu na Karongi, huvuta maji ya kina kirefu, huondoa methani na kuzalisha megawati 26. Swali zito ni maji hayo yarudishwe wapi. Yakimwagwa juu mno, kaboni dioksaidi na virutubisho huwafikia isambaza. Yakirudishwa kina kisicholingana na uzito wake, yatazama au kupanda na kuzidhoofisha ngazi hizo.