Mpenda Nyama Anakosa Nini Mezani?

Familia inayoamua kupunguza nyama, iwe kwa sababu ya bei ya buchani au ushauri wa daktari, mara nyingi hurudi nyuma baada ya siku chache, na lawama humwangukia yule asiyeridhika bila nyama. Huambiwa ana uroho, au amejizoesha vibaya. Lakini ukiitazama sahani aliyowekewa utaona ana hoja: nyama imeondolewa, vimebaki vile vilivyokuwa vikiisindikiza, yaani wali, mchicha wa kuchemsha na kachumbari. Amenyimwa kitoweo. Mpenda nyama hudai mambo manne: mchuzi uliokolea, harufu ya kitu kilichokaangika, mafuta, na kitu cha kutafuna kinachomshibisha. Nyama humpa yote manne kwa mpigo. Mpishi anayeiondoa hana budi kuyatafuta kwingine, na katika majiko yetu yamo.

Ushahidi wa kwanza uko Pwani. Mbaazi za nazi huliwa asubuhi kwa mahamri na watu ambao mchana watakula pilau ya nyama bila kusita, na hakuna anayeuliza nyama iko wapi. Sababu ni mapishi yenyewe: mbaazi huchemshwa mpaka ziive kabisa, hutiwa tui jepesi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili mbichi, kisha mwishoni tui zito, zikaachwa motoni mpaka rojo lishikane nazo. Ethiopia inatoa ushahidi mzito zaidi. Ni nchi inayoipenda nyama hata kuila mbichi, lakini waumini wa Kanisa la Orthodoksi hawagusi nyama, mayai wala maziwa siku za Jumatano na Ijumaa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na tena kwa siku 55 za Kwaresima. Siku hizo hula shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu uliopikwa kwa kitunguu kingi, mafuta na mchanganyiko wa viungo uitwao berbere. Shiro hupendwa hata siku zisizo za mfungo, jambo linaloonyesha kwamba hailiwi kwa kuvumilia.

Sayansi inaeleza kwa nini. Mwaka 1908 mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alitenga glutameti kutoka kwenye mwani na kuonyesha kwamba ndiyo inayoleta ile ladha nzito ya supu, ambayo aliiita umami. Glutameti imo pia katika nyanya zilizoiva, hasa nyanya nzito ya kopo, na uyoga mkavu una guanileti, ambayo huizidishia nguvu vikikutana chunguni. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard akaeleza jinsi sukari na viini vya protini vinavyobadilika kwa joto na kuleta rangi ya kahawia na harufu ya vitu vilivyokaangwa au kuchomwa. Badiliko hilo hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi, ilhali maji katika sufuria ya kawaida hayapiti 100. Ndiyo maana maharage yaliyochemshwa na kutupiwa kitunguu kibichi hayanukii kama rosti hata yakikaa motoni kutwa. Kitunguu kikaangwe kwanza. Mwanzoni hutoa maji na mafuta hupiga kelele. Maji yakiisha kelele hupungua, kingo zikageuka dhahabu, kisha kahawia. Hapo ndipo vinaingia kitunguu saumu, bizari na nyanya ya kopo, vikaangwe mpaka rangi ikolee na mafuta yajitenge pembeni. Maharage yaliyokwisha kuiva hufuata, pamoja na maji yake.

Mafuta nayo yasionewe haya, kwa sababu harufu nyingi za viungo huyeyuka ndani yake. Tui la nazi au karanga za kusaga hufanya kazi hiyo vizuri. Kwa upande wa kutafuna, uyoga unafaa sana ukipikwa ipasavyo. Ukirundikwa sufuriani huchemka kwa maji yake na kuwa telezi. Utandazwe kwenye kikaango chenye moto mkali, uachwe mpaka upande mmoja uwe kahawia, kisha ugeuzwe.

Wapo watakaosema kwamba ladha si lishe. Ni kweli kwamba gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina protini ya takriban gramu 26, na maharage yaliyoiva yana 8 au 9. Lakini mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi kwa siku, na bakuli la gramu 250 za maharage humpa zaidi ya 20. Tena mahindi yana upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo, hivyo ugali na maharage hukamilishana. Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama. Ndimu au kachumbari husaidia, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia. Vitamini B12 haimo kwenye mimea. Anayekula mayai, maziwa au nyama siku nyingine ataipata huko, lakini anayeacha vyote anahitaji virutubisho vya nyongeza.

Wengine hulalamikia mkaa na gesi tumboni. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, muda wa kuiva hupungua, na sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka. Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje mpaka yalainike, kwa kuwa uchachu huchelewesha kuiva. Maharage mekundu lazima yatokote sawasawa, kwani yakiwa nusu mbichi yana sumu inayotapisha. Asiye na muda apike choroko.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote ni la heshima. Kwa wengi maharage ni chakula cha bweni au cha mwisho wa mwezi, na kumpa mgeni huonekana kumdharau. Nadhani dharau hiyo imetokana na mapishi ya haraka: maji mengi, chumvi kidogo, kitunguu kibichi. Aliyelishwa hivyo miaka minne ana sababu ya kuyachoka. Kwa hiyo mpishi ayatendee maharage kama anavyoitendea nyama: ayape viungo vilevile, mafuta ya kutosha na muda uleule. Asiyaite mbadala wa nyama, maana jina hilo humwalika mlaji kulinganisha. Ayaweke katikati ya meza kama kitoweo, kwa chapati za moto, na aanze na siku moja kwa wiki.